Kishungi Cheupe

Mwaka 1978 nilikuwa kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi kwenye milima hii ya Ileje. Siku hizo tulihesabiwa Mkoa wa Mbeya. Huu wa Songwe umezaliwa mwaka 2016. Darasa lilijaa hata watoto wengine wakakaa chini, kwa kuwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa ndiyo kwanza umeanza na kila mzazi alitakiwa kuleta mtoto. Miongoni mwao alikuwapo mvulana mmoja mwenye kishungi cha nywele nyeupe juu ya paji la uso, na macho ya samawati katika uso mweusi kama wangu. Sikuwa nimewahi kuona macho ya namna ile kwa mtu wa kwetu. Yalinitisha kidogo, sitaficha.

Mvulana yule hakuwa msemaji. Nikimwita huku tunatazamana, alisimama. Nikimwita huku nimegeukia ubao, aliendelea kuchora vitu vyake kwenye daftari. Mwalimu mwenye busara angeelewa palepale. Mimi niliona jeuri. Nilimchapa fimbo, tena si mara moja, na mwisho wa mwaka nikaandika katika taarifa yake kwamba ni mzito na hana nidhamu. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni, wala sikuuliza. Kijijini walisema ni mizimu. Wengine walisema ni nusu zeruzeru, neno baya tulilolitumia bila haya. Mama yake, ambaye sikumwona hata siku moja bila kitambaa kichwani, alikwepwa hadi kisimani.

Nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu, nikarudi Ikinga kwenye kahawa na maharage yangu. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu anayesomea udaktari alikuja likizo, na katika mazungumzo ya jioni nikamsimulia habari za yule mvulana kama kioja cha zamani.

"Babu," akasema, "huyo mtoto alikuwa kiziwi."

"Umejuaje, nawe hujamwona?"

"Si umeniambia mwenyewe? Nywele na macho."

Sikuelewa nywele zinahusianaje na masikio. Akatoka nje, akarudi na kipande cha jani la mgomba. Akaniambia kwamba katika wiki ya tatu na ya nne tangu mimba itungwe, mtoto akiwa bado hana sura wala miguu, mgongoni pake panakuwa na utando bapa kama lile jani. Kisha kingo mbili za utando huinuka, zikakunjamana kuelekea katikati, zikakutana na kushikana, ukawa mrija. Mrija huo ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Lakini pale kwenye mshono, kingo zilipokutana, kuna seli ambazo hazikai. Huachana na wenzao na kuanza safari, moja moja na kwa makundi, kila kundi kwa njia yake. Wazungu huuita mshono huo kwa jina lenye maana ya shungi. Kamusi yangu haikunisaidia, basi nimeuita kishungi cha neva, na msomaji mwenye neno bora alitumie.

Nilimuuliza seli hizo zinakwenda wapi. Jibu lake lilikuwa refu, nikaomba daftari. Zipo zinazokwenda kwenye ngozi, zikawa seli za kutengeneza rangi. Zipo zinazoshuka usoni na kufanya sehemu kubwa ya mifupa ya uso, taya, na ile sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya gamba la nje. Nyingine hufuata utumbo tangu juu hadi mwisho wake na kuwa neva zinazousukuma. Zikiishiwa njiani, mtoto huzaliwa asiyeweza kupata choo, na huokolewa kwa upasuaji. Nyingine husaidia kutenganisha mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni. Mambo haya yote, ambayo sisi walimu tuliyafundisha katika sura mbalimbali za kitabu kana kwamba hayajuani, ni ya ukoo mmoja.

Mtu wa kwanza kuuona mshono huo ni Wilhelm His, Mswisi, alipochunguza vifaranga ndani ya mayai mwaka 1868. Lakini kuona mahali seli zinapoanzia si kujua zinapoishia. Kazi hiyo ilifanywa vizuri karne moja baadaye na mama mmoja wa Kifaransa, Nicole Le Douarin. Aligundua kwamba seli za kwale wa Japani zina alama katika kiini chao ambayo seli za kuku hazina. Basi alihamisha kipande cha mshono wa kwale akakipandikiza ndani ya yai la kuku, kisha akazifuata seli za mgeni popote zilipokwenda. Mimi niliyefuga kuku maisha yangu yote nilibaki nikitikisa kichwa.

Nikauliza swali la mkulima: kitu hiki kilitoka wapi? Konokono hana, mdudu hana. Mjukuu akasema kwamba katika mchanga wa bahari kuna kijinyama chembamba kama kisamaki, jina lake amfioksi. Ana mrija wa neva mgongoni kama sisi, lakini hana uso wa kuuita uso, na hula kwa kuchuja maji. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Gans na Northcutt, waliandika kwamba kichwa chetu ni kitu kipya. Wazee wetu wa mbali walikuwa wachujaji. Walipopata kishungi cha neva, pamoja na vitu vingine vichache, wakapata kichwa cha kuwindia. Hayo yalitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Hata hivyo hakikuzuka tu kutoka hewani. Kuna viumbe wa baharini wenye umbo la mfuko, ndugu zetu wa karibu kuliko amfioksi, ambao wachanga wao wana seli chache za rangi zinazofanana na za kishungi, ila hazina ule uwezo wa kusafiri mbali na kuwa vitu vingi. Kumbe vijenzi vilikuwapo zamani. Kilichokuja kuwa kipya ni jinsi vilivyounganishwa.

Kwa sisi wa huku, ushahidi hauko mbali. Ukishuka Kyela hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa utaona visamaki vya rangi za kila namna katikati ya mawe, na wavuvi wanaleta magege wa kitoweo. Ni wa jamii moja, na ziwani humo kuna mamia ya aina zao. Wengine wana mdomo wa kukwangua ukoga kwenye miamba, wengine wana taya nzito za kuvunjia konokono, wengine humeza wenzao. Taya hizo na rangi hizo, vyote ni kazi ya seli za mshono. Badiliko dogo katika safari yao hutoa samaki mwingine. Hata mbwa wangu mwenye baka jeupe kifuani ameingizwa katika habari hii: mwaka 2014 wataalamu watatu walidai kwamba mabaka na masikio yaliyolegea ya mifugo hutokana na upungufu wa seli hizo, madai ambayo wenzao wameyapinga. Mbwa mwenyewe hana maoni.

Sasa narudi kwenye sikio. Ndani yake, pasipoonekana, kuna majimaji yenye chumvi maalumu, na bila seli za rangi chumvi hiyo haitunziki, sikio likawa kama redio isiyo na betri. Pale seli hizo zisipofika, paji la uso huwa na nywele nyeupe, jicho huwa samawati, na sikio huweza kuwa kiziwi. Mholanzi Waardenburg aliieleza hali hiyo mwaka 1951, na mwaka 1978 daktari Hageman aliandika juu ya Waafrika wa Kenya walio nayo. Wenye ualbino ni habari nyingine: kwao seli za rangi hufika, ila haziwezi kutengeneza rangi, na kusikia husikia. Tena hali hii hurithiwa, na katika nyumba moja mmoja huwa kiziwi na mwingine akawa na nywele tu. Nilikumbuka kile kitambaa cha mama yake.

Mwaka 1951 nilikuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo siku niliposhika ile fimbo, jambo hili lilikuwa limekwisha andikwa kwa miaka 27.

Nilichukua miezi kumtafuta. Nilimkuta kijiji cha pili, anafyatua matofali, ndevu zina mvi na kishungi hakitofautiani tena na nywele nyingine. Macho ni yaleyale. Mkewe akanipa shikamoo na kigoda. Nilikuwa nimejiandaa: nilijua hatanisikia, basi nilikuwa nimeandika barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko wa ubaoni, nikieleza yote na kuomba radhi. Nikampa kwa mikono miwili. Akaifungua, akaitazama juu na chini, akaigeuza, kisha akanirudishia kwa adabu.

Alitoka shuleni mwisho wa darasa la tatu. Nilikuwa nimesahau.

Mkewe akamwita mjukuu wao, binti wa darasa la tano, mwenye kishungi cheupe juu ya paji la uso na masikio mazima. Akaisoma barua kwa sauti, na kila mstari akaugeuza kuwa ishara za mikono ambazo wamejitungia nyumbani kwao. Alisoma vizuri sana. Alipofika kwenye neno fimbo akanyamaza, akanitazama mimi, kisha akamtazama babu yake. Babu yake akamwashiria aendelee.