Shafti ya Mashine ya Nzuguni

Anayeshuka leo kwenye stendi kuu ya mabasi Nzuguni akaingia Soko la Job Ndugai hukuta unga wa kila aina umeshapimwa na kufungwa. Mwaka 1983 stendi haikuwepo, wala soko. Tulikuwa kijiji cha uwele, mtama na ng'ombe, tukitegemea mashine moja ya kusaga iliyoendeshwa kwa injini ya dizeli, ya kupiga hendeli. Iliposimama, mama zetu walirudi kwenye jiwe la kusagia, wamepiga magoti tangu alfajiri, ili jioni pawe na ugali.

Kilichokufa ni beringi ya shafti ya kinu, upande wa puli. Vumbi la pumba lilikuwa limepenya na kugandana na grisi, gololi zikakosa mafuta, beringi ikapata moto mpaka ringi yake ya ndani ikaing'ang'ania shafti kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Mimi nilikuwa kijana wa kumsaidia fundi. Yeye alikuwa mzee aliyejifunzia kazi karakana ya reli, na kijiji kizima kilimwita Babu. Vijana waliojaa bandani walishaleta nyundo kubwa.

"Babu, ipige kichwani itoke!"

"Mjukuu wangu, beringi nitaitafuta. Shafti utanipa wewe?"

Nilichukua muda kuuelewa uzito wa jibu lile. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeiacha nchi haina fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Mwaka huohuo wa 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hata wenye akiba halali wakaogopa kuionyesha. Hata hivyo, beringi ina namba yake, na namba hiyo ni ileile dunia nzima. Yetu ilikuwa 6208. Babu alinifundisha kuzidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano: nane mara tano, arobaini, yaani tundu lake ni milimita 40. Ya namna hiyo ingeweza kuchomolewa hata kwenye mtambo mbovu wa kazi nyingine kabisa. Shafti ilikuwa imechongwa kwa ajili ya kinu kile tu. Ukiipiga kichwani ikatanuka au ikapinda, kijiji hakina mashine tena.

Akaanza kwa kuisugua shafti kwa msasa, kuanzia ilipo beringi hadi nchani, kwa kuwa kutu iliyo njiani hukwamisha kitu kilichokwisha kuachia. Akamimina mafuta ya taa, akayaacha yapenye usiku kucha. Asubuhi akafunga pula ya kuvutia beringi, aliyoitengeneza mwenyewe kwa chuma cha springi za lori, akaweka kipande cha shaba kati ya bolti na kichwa cha shafti. Akakaza kidogo, akagonga pembeni, akakaza tena. Ringi ya nje ikatoka, gololi zikamwagika chini. Ya ndani haikutikisika. Mama mmoja aliyekuwa akingoja na debe lake la uwele alijitwika akaondoka bila neno, na nakumbuka jinsi banda zima lilivyonyamaza.

Kilichofuata ndicho ninachokisimulia hadi leo kwa vijana wa gereji. Chuma cha beringi ni kigumu, tupa huteleza juu yake. Babu akachukua pete nene ya chuma iliyokatwa vipande viwili, akaniambia nivute mivukuto. Aliizungushia shafti magunia yaliyolowa maji, akakaza pula nyuma ya ringi mpaka ikakaribia kulia. Pete ilipokuwa nyekundu aliishika kwa koleo, akaikumbatisha ringi. Chuma cha milimita 40 kikipanda nyuzijoto 100 hutanuka kama milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Alitaka nafasi hiyo tu, na aliitaka kwenye ringi kabla joto halijaingia kwenye shafti. Moto ulipaswa kuwa mkali na mfupi.

Ikalia ta! Ringi ikasogea, na mizunguko michache ya spana ikaimaliza. Babu alipitisha kidole juu ya shafti akatafuta mkwaruzo. Hakuuona. Ilibaki alama ya ubuluu tu.

Beringi nyingine ilipatikana Morogoro, ikaletwa kwa treni. Hakuipiga hiyo nayo. Aliichemsha katika sufuria ya mafuta ya injini, akaivisha shafti kwa mikono iliyofungwa matambara, ikaingia yenyewe hadi mwisho. Malipo yake yalikuwa debe la uwele, tena alilipokea baada ya wote waliokuwa kwenye foleni kusagiwa.

Miaka ya tisini tuliiondoa injini ya dizeli, kinu kikaendeshwa kwa mota ya umeme. Beringi tulishabadilisha mara nyingi, zote kwa njia ya Babu. Shafti ilikuwa ileile.