Chombo Kilirudi, Mtu Hakurudi

Akina mama wenzetu, safari yetu ya kwenda delta ya Rufiji haikuwa ya matembezi. Mimi na baba watoto tulikwenda kumwona mtoto wetu.

Kijana wetu wa kwanza alifeli mtihani wa kidato cha nne. Siku matokeo yalipotoka, nyumba yetu ilikuwa kama imefiwa. Hatukumpiga, wala hatukumfukuza. Tulifanya jambo ambalo wakati ule tuliliona kuwa la busara: tuliokoa kilichoweza kuokolewa. Fedha tulizomwekea kwa ajili ya kidato cha tano tulizihamishia kwa mdogo wake. Sanduku lake la bati, ndoo na vitabu navyo vikaenda kwa mdogo wake. Hata mashati yake ya shule tuliyapunguza mikono, mbele ya macho yake, ili yamtoshe mdogo. Majirani walipouliza, tulijibu kwamba anapumzika kwanza.

Baada ya miezi miwili alituaga kwamba anakwenda kwa baba yake mdogo, ambaye hununua samaki huko delta. Tulimwacha aende. Mwaka mzima alipiga simu mara mbili tu, na mara zote mbili aliuliza hali ya bibi yake. Kisha shemeji akatuletea habari kwamba kijana amekonda na haongei na watu. Hapo ndipo tulipofunga safari.

Tulipofika Nyamisati tulikuta maji yametoka, ikabidi tungoje yajae ndipo mashua iondoke. Kati ya abiria alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu. Watoto walimwomba hadithi, naye akawaonyesha mikoko kwa fimbo yake na kuanza kusimulia habari za ndege iliyowahi kuruka juu ya mikoko ile. Tulisikiliza ili kupitisha muda. Tuliporudi nyumbani tulitafuta vitabu, tukakuta kwamba mzee alisema kweli.

Mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilikuwa katika bahari yetu. Tarehe 20 Septemba iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baadaye ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa maana maji ya mle ni mafupi. Mikoko nayo iliificha isionekane kutoka baharini. Ilibidi apatikane mtu wa kuitazama kutoka juu.

Huko Durban, Afrika Kusini, alikuwako rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler. Hakuwa askari. Alikuwa akirusha ndege aina ya Curtiss, ile inayotua majini kama mashua. Kumbuka kwamba ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu ndege ya kwanza kuruka huko Marekani. Waingereza walimpa Cutler cheo, wakapakia ndege hiyo kwenye meli iitwayo Kinfauns Castle, wakampeleka kwenye kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia.

Safari yake ya kwanza aliruka bila dira. Alipotea, akatua kwenye kisiwa kisicho na watu. Wenzake walimtafuta wakampata. Rejeta ya ndege nayo iliharibika, ikabidi iletwe nyingine kutoka Mombasa, tena ya gari la Ford! Akaruka tena, na safari hii akaiona meli iliyokuwa imejificha. Lakini tarehe 10 Desemba injini ilizimika, akashuka mtoni mbele ya Wajerumani, wakamkamata.

Kijana mmoja wa jeshi la majini la Waingereza aliingia na mashua huku akipigwa risasi, akaifunga ile ndege kamba na kuivuta mpaka nje. Ulikuwa ushujaa wa kweli. Cutler alikuwa ameshachukuliwa. Alibaki mfungwa mpaka mwaka 1917.

Mwalimu akatulia kidogo, kisha akawaambia watoto, "Chombo kilirudi, mtu hakurudi."

Baba watoto alinitazama, nami nikamtazama. Hatukusema neno, lakini sote wawili tuliyaona yale mashati yaliyopunguzwa mikono. Wale wanamaji hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa mtu wao alikuwa mikononi mwa adui. Sisi mtu wetu alikuwa chumba cha pili. Tuliokoa fedha, tukaokoa sanduku, tukaokoa na heshima yetu kwa majirani. Yeye hatukumfuata.

Hadithi ilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1915 zililetwa ndege nyingine. Za kwanza ziliharibiwa na joto la pwani, hata gundi yake ikaachia. Mwezi wa Julai zikaingia mtoni meli mbili fupi, Severn na Mersey, zinazoweza kupita kwenye maji mafupi. Tarehe 11, rubani John Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wakizielekeza mizinga yake. Ndege yao ikapigwa. Walituma ishara kwamba wamepigwa, iletwe mashua, na huku wanashuka bado waliendelea kuelekeza. Ndege ilipinduka majini. Cull alikuwa amefungwa mkanda, akazama nayo, lakini akafaulu kujinasua. Mashua ya Mersey iliwafikia wote wawili wakiwa hai. Siku hiyo Königsberg iliangamizwa. Ndege ilipotea, watu wakarudi.

Jioni ile tulimkuta kijana wetu gatini akipanga samaki kwenye barafu. Alidhani tumeleta habari za msiba. Baba yake alimwambia, "Hapana, baba. Tumekuja kwa ajili yako." Kisha akamwomba radhi kwa habari ya mashati. Sisi watu wa mila zetu, mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo jepesi. Kijana aliendelea kupanga samaki kwa muda mrefu, kichwa chini. Halafu akasema, "Mama, mmekula?"

Hakurudi nasi siku ile, wala hatukumlazimisha. Alirudi baada ya miezi mitatu, kwa hiari yake. Sasa anajifunza ufundi wa majokofu, kazi aliyoipenda alipokuwa kule kwenye barafu. Mtihani hajaurudia, na huenda asiurudie kamwe.

Wahenga walisema mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Wenzetu, mtoto anapoanguka, iwe ni mtihani, kazi au ndoa, yapo mengi ya kuokolewa haraka: karo, mahari, jina la ukoo. Yaacheni yazame kwanza ikibidi. Mashua ya kwanza itakayotoka nyumbani iende kumchukua mtu.