Fahirisi Ikichanika, Kurasa Bado Zipo



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, siku hizi nyumba nyingi huweka amana zake ndani ya kompyuta: picha, vyeti, hesabu za duka, hata sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Kwa hiyo nawaeleza yaliyotupata, ili yakimfika mmoja wenu ajue la kufanya.

Kompyuta ya ofisi ya madrasa ilikuwa na mifumo miwili. Windows ilikuwa ya kuandikia barua na mitihani, na Ubuntu, isiyolipiwa, ilikuwa ya kuhifadhia. Ukiiwasha, ilikuuliza uingie upande upi. Upande wa Ubuntu ndiko zilikokuwa darsa 41 za tafsiri za marehemu mwalimu wetu, zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti ambazo unyevu ulikwisha kuziharibu. Mjane wake alikuwa akiulizia nakala, ili wajukuu wamsikie babu yao.

Mwaka 2016 aliletwa fundi kuongeza nafasi upande wa Windows, uliokuwa umejaa. Akaweka programu ya kugawa diski. Kazi ilipofika nusu, kompyuta ikazimika. Ilipowashwa haikuuliza tena swali lake. Ilitoa maandishi kwenye kioo cheusi kwamba patisheni inayotafutwa haipo. Fundi akaiunganisha diski na kompyuta yake, na upande wa Ubuntu ukaonekana kama eneo tupu.

Akasema, "Ustadh, dawa yake ni kufomati tu, tuanze upya."

Nikamjibu, "Hapana, ndugu yangu. Iache kama ilivyo."

Nilimtafuta kijana aliyesoma kwetu, kisha akasomea kompyuta chuoni. Alinieleza kwa mfano wa kitabu. Katika diski za mtindo ule, sehemu ya kwanza kabisa ina baiti 512 tu. Ndani yake, baiti 64 ndizo zinazotaja patisheni nne kuu: kila moja inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Hiyo ndiyo fahirisi. Ikichanika, msomaji haoni mlango, lakini kurasa bado zipo mahali pake. Kinachoziua ni kuandika mambo mapya juu yake.

Kijana aliiwasha kompyuta kwa Ubuntu iliyokuwa kwenye CD, bila kugusa diski. Kisha akatumia TestDisk, programu ya bure inayopekua diski na kutafuta alama za mwanzo wa kila patisheni. Ilichukua saa nyingi. Baada ya Isha majina ya mafaili yakaanza kujitokeza. Hakukimbilia kurekebisha fahirisi. Kwanza alinakili kila kitu kwenye diski nyingine. Alhamdulillah, darsa 39 zilifunguka. Mbili hazikufunguka, kwa sababu programu ile ilikwisha kuandika juu yake. Mjane alipewa zile 39, naye akashukuru, lakini mbili zile hazitasikika tena duniani.

Kutokana na hayo, nausia mambo matatu.

Kwanza, patisheni ikipotea, usiandike chochote kwenye diski hiyo. Windows haiwezi kwa kawaida kusoma patisheni ya Ubuntu, na huweza kukuuliza kama uifomati. Jibu hapana. Katika diski za SSD, kufomati huweza kufuta data moja kwa moja.

Pili, usiruhusu diski igawanywe upya kabla ya kunakili vilivyomo. Kompyuta nyingi mpya hutumia mtindo wa GPT, unaoweka fahirisi mwanzo na nakala yake mwisho wa diski. Hiyo ni nafuu, lakini haisaidii diski yenyewe ikifa au ikiibiwa.

Tatu, weka nakala mahali pawili tofauti. Tukumbuke kwamba Qur'ani ilikuwa vifuani mwa mahafidhi, lakini walipouawa wengi katika vita vya Yamama, Abu Bakr (R.A.) aliagiza ikusanywe katika maandishi. Wema waliotutangulia hawakuiacha amana kubwa isimame kwa nguzo moja.

Mzazi, leo jioni muulize mwanao: picha za bibi ziko wapi, na nakala yake iko kwa nani? Akikosa jibu, kaeni pamoja mnakili.

Wabillahi tawfiq.