Mbegu Baada ya Eda



Mwishoni mwa Julai tulijaaliwa kusafiri hadi mji wa Leicester, Uingereza, kumzuru binamu yetu, mzawa wa Mombasa, aliyefiwa na mumewe mwezi wa Machi. Tulimkuta ametoka edani siku chache kabla, baada ya miezi minne na siku kumi.

Huko wakaazi hukodi vipande vya ardhi vya baraza la mji wakapanda mboga. Kipande cha nyumba hii alikilima marehemu. Tulipofika hapo, magugu yalitufika kiunoni. Majirani walikuwa wakichuma maharagwe na maboga machanga; kwake hapakuwa na jani la kutia chunguni. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, msimu umenipita. Na ardhi isiyolimwa hupewa mwengine."

Mzee mmoja Mwingereza, jirani wa kipande kile, aliweka chini ndoo yake akatufahamisha hesabu ya nchi yao. Mwezi wa Juni urefu wa mchana hukaribia saa 17. Mwisho wa Oktoba haufiki 10. Kisha huja jalidi, nayo yaweza kuua nyanya na maboga kwa usiku mmoja. Basi aliyechelewa huhesabu kwa kurudi nyuma, kutoka siku ya jalidi hadi leo, apate kujua ni kipi kitakachowahi.

Nyanya hazitawahi tena, alisema. Lakini figili huliwa baada ya wiki nne hivi. Spinachi na dania zikipandwa katika siku ndefu za joto hukimbilia kutoa maua. Zikipandwa mchana unapofupika, hutulia zikatoa majani. Ama jamaa za sukuma wiki, hizo hustahimili jalidi, na utamu wake huzidi baada yake. Akampa miche aliyoiotesha mwenyewe.

Binamu yetu alilitoa jembe la marehemu kibandani. Alilishika kwa muda bila ya kusema neno, kisha akasoma bismillahi akaanza kulima. Nasi tukakunja mikono ya kanzu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikitukuta na mche mkononi, tukiweza kuupanda, tuupande.

Novemba alitutumia picha ya majani yaliyofunikwa na jalidi nyeupe. "Leo nimepika za kwanza," aliandika. "Sahani moja nimempelekea yule mzee."

Mama zetu na dada zetu mliopitwa na msimu kwa uzazi, maradhi au msiba, hesabuni siku zilizobaki, mpande kinachowezekana. Kawia ufike.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wetu, na aibariki mikono iliyochelewa. Amin.