Mtoto Mzima na Mizani
Jirani yangu hapa Katubuka ni Mtongwe wa mwambao wa kusini, na swali lake ni la watu wengi wa kwao: mtoto mzima apelekwa hospitali kutafuta nini? Wako waliitao ujinga. Mimi naona lina haki, maana lugha yenyewe yatufundisha kuwa hospitali ni nyumba ya wagonjwa. Tena Watongwe walikaa katika vitongoji vya mbalimbali milimani Mahale, hata mwaka 1974 wakakusanywa vijijini. Mwaka 1985 milima ile ikawa hifadhi ya taifa.

Mama wa huko hungoja mashua, na toka Mei hadi Septemba kusi huchafua ziwa. Aache shamba, alipe nauli, ili mwana asiyeumwa aning'inizwe mizanini! Baada ya chanjo ya surua ya miezi 18 safari hukoma, ingawa uzito hutakiwa kuangaliwa hata miaka mitano, na udumavu hauna homa wala kilio. Akichelewa, pengine hupokewa kwa karipio mbele ya wenzake. Aliyekaripiwa hivyo hurudi siku mtoto akiwa hoi.