Dawa Tuliyoichangia

Kila nikiweka video, lazima mtu aandike, "Rudi chuo." Acha niseme mara moja: niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo iligeuka kimo.

Mzee wangu anafanya kazi ya shamba kwa nyumba moja hapa Spring Valley, sisi tunaishi SQ ya nyuma. Miaka minne alimeza dawa za vidonda vya tumbo kutoka kemisti. Alipoanza kutapika hata uji, ndipo akapimwa kwa kamera. Saratani ya tumbo.

Shangazi akatuma habari kwa grupu ya harambee: serikali imekubaliana na Roche, Herceptin imeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi, SHA inalipa. Amina zikamiminika. Mimi ndiye nilisoma mpaka chini: mpango ni wa saratani ya matiti. Basi tukasema tutachanga wenyewe.

Dawa hiyo hutibu tumbo pia, lakini si kila tumbo. Inashika HER2, kitu kama antena juu ya seli. Jeni yake ikijinakili kupita kiasi, antena zinakuwa nyingi na seli inasikia "gawanyika, gawanyika" kutwa nzima. Kwa tumbo, wenye hiyo shida ni kama mmoja kati ya watano. Wengine wote wanapoteza pesa tu, na dawa inaweza kuumiza moyo.

Nikamuuliza daktari kama Mzee alipimwa HER2. Akapekua faili. Hakuna aliyeomba. Kipande cha nyama kilikuwa kimelala maabara wiki sita. (Kama una mgonjwa, uliza siku ya kwanza.)

Majibu: hasi. Nilikaa kwa steji ya Lower Kabete Road, matatu tatu zikanipita.

Kwa grupu, mjomba akaandika, "Kwani saratani si saratani?" Hapana, mjomba. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa jeni za uvimbe 295 wa tumbo, wakapata makundi manne. Moja, asilimia 9, lina virusi vya Epstein-Barr, vile vilivyogunduliwa 1964 kwenye seli za uvimbe zilizopelekwa London kutoka Uganda. Lingine, asilimia 22, seli zake zimeshindwa kurekebisha makosa ya jeni, na hilo mara nyingi husikia dawa za kuamsha kinga ya mwili.

Kipimo cha kundi hilo tumelipia Jumatatu, kwa pesa za ile dawa. Mjomba ameshauliza mara mbili kama majibu yametoka. Mzee yuko nje anamwagilia maua, ameketi juu ya ndoo.