Radi ya Mfipa na Jina la Kazini

Mtu wa Ilemba, mkoani Rukwa, akiulizwa Dar es Salaam kwao ni wapi, akijibu Sumbawanga, anajua kinachofuata: "Weee, usije ukatupiga radi!" Sifa hiyo ya Wafipa wa Sumbawanga kupiga watu radi imeenea nchi nzima, na hata jina la mji hufasiriwa kuwa ni amri kwa mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Wapo wanaoikwepa kwa kusema wanatoka Mbeya. Wapo pia wanaoipokea na kuitumia. Mwenye nyumba anagonga mlango kudai kodi, mpangaji anamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, kumbuka mimi ni Mfipa," wote wawili wanacheka, na kodi inasogezwa hadi mwisho wa mwezi. Mpangaji huyo hajui hata majani ya kutuliza tumbo. Radi anazijua kama kila mtu wa bonde la Rukwa anavyozijua, ni za masika, mawingu yanapojikusanya juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Amejificha nyuma ya mtu asiyekuwepo, na mtu huyo amemsemea mahali ambapo kijana asiye na hela asingesikilizwa. Natetea kujificha kwa namna hii, na naona sisi tulio ughaibuni tumebaki na nusu yake tu.

Huku nje tunajificha kwa lazima ya soko. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina yalitofautiana: mengine ya Kizungu, mengine ya Wamarekani weusi. Wenye majina kama Emily na Greg walipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya kina Lakisha na Jamal. Baada ya kusoma hayo, nani atamlaumu Mfipa anayeliweka mbele jina la ubatizo na kulifupisha la ukoo, yale majina yanayoanza na Si-, kuwa herufi moja? Wamisionari waliwaachia Wafipa wengi jina la Kikatoliki, na leo jina hilo linafungua mlango wa ofisi. Kwenye simu ya kazini sauti nayo inabadilika, vicheko vinapungua, "pole" inamezwa kabla haijatoka. Mshahara unaopatikana hivyo ni halali, na mabati yanayoezekwa nao kijijini hayavuji kwa sababu jina lilifupishwa.

Tofauti iko kwa wanaotutazama. Nyumbani sura ya kuvaa huvaliwa mbele ya watu wanaojua kuwa ni ya kuvaa. Tazama mtani msibani: anachukua koti la marehemu, analivaa, anachechemea kama marehemu alivyochechemea, anadai chai yake kwa ukali uleule, na wajane waliokuwa wakilia tangu alfajiri wanajikuta wanacheka huku machozi yakiwatiririka. Hakuna aliyedanganywa. Kwa dakika chache mtani ameacha kuwa yeye, na ndani ya nafasi hiyo anaweza hata kutaja madeni na ukali wa marehemu, mambo ambayo mwanaukoo hathubutu kuyatamka siku ile. Hata siri nzito za vita zilihitaji wa kuzishiriki. Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 kwenda Kongo, aliitwa Tatu, namba tu ya Kiswahili, lakini Wacuba wenzake walijua Tatu ni nani. Mtanzania katika ofisi ya Ulaya hana hata mmoja anayejua. Jioni anapiga simu nyumbani na kusema "sisi wazima", na hapo pia amevaa sura nyingine.

Wapo watakaosema huu wote ni uongo uliopambwa. Siafiki, maana uongo hutaka mtu aamini kisha apoteze kitu, na mwajiri aliyempata mfanyakazi hodari kwa jina fupi hakupoteza chochote. Pingamizi lililo zito ni jingine, na linatoka kwetu wenyewe. Mzaha wa radi unalisha imani inayoua. Tanzania imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu kuwa na kosa hata anayejidai kuwa na nguvu hizo. Hapa nakubali bila kubishana: mpangaji wa Dar anapunguziwa usumbufu, na bibi wa kijijini ndiye anayelipia. Sura hiyo nisingependa kijana yeyote wa Ufipa aendelee kuivaa, hata kwa kicheko, mbele ya mtu ambaye huenda anaiamini.

Ninachokitamani kutoka nyumbani ni mashahidi, watu wanaojua kuwa sura ni ya kuvaa. Mikutano yetu ya Watanzania huku nje imejaa hotuba, michango na picha, na wengi wetu tunaingia tukiwa bado na sauti ya kazini, tukishindana kwa magari na vyeo. Watani ndio waliokosekana. Laiti angekuwepo mmoja mlangoni, akamsimamisha anayeingia, akamwita jina lake la ukoo lote, silabi kwa silabi, akaigiza ile sauti yake ya simu ya kazini, kisha akamuuliza mbele za watu kodi ya mwezi huu ameilipa kwa kitu gani.